Filta ya tangi dogo: kisa cha samaki wa Kigoma katika sebule ya Tabata

Tangi ninalolizungumzia lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Dukani huuzwa kama tangi la lita 54. Ukiondoa mchanga uliolazwa chini kwa unene wa sentimita nne, na nafasi ya vidole viwili inayoachwa juu, maji yenyewe hubaki kama lita 42. Liko Tabata, Dar es Salaam, sebuleni kwa dada mmoja fundi cherehani. Ndani wanaishi samaki wanne wa Ziwa Tanganyika, jozi mbili za Neolamprologus brevis, samaki wadogo wanaolala na kuzalia ndani ya magamba matupu ya konokono. Dume hukua kufikia kama sentimita tano au sita, jike ni mdogo zaidi, na mara nyingi dume na jike hukaa katika gamba moja. Muuza samaki aliwapata kutoka Kigoma.

Yule dada alinipigia simu. "Kaka, filta inakwaruza, halafu samaki hawatoki kwenye magamba. Ninunue kubwa zaidi?"

Swali hili hujibiwa "ndiyo" kila siku, na tangi dogo huharibika kwa jibu hilo. Kwake jibu lilikuwa hapana, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu zinamhusu kila mtu mwenye tangi la ukubwa huu katika mji ambao umeme hukatika.

Nilichokikuta

Filta ilikuwa ya ndani, ile inayozama majini na kushikwa kiooni kwa mipira ya kunata. Boksi lake liliandikwa lita 600 kwa saa. Alipoinunua Kariakoo muuzaji alimwambia, "Chukua yenye nguvu, dada, maji yatang'aa." Na kweli maji yalikuwa yanang'aa. Ila maji kung'aa hakuonyeshi kama yana usalama. Uchafu unaoua samaki hauna rangi, na tangi linaweza kuonekana safi kabisa asubuhi ambayo samaki wamekufa.

Lita 600 kwa saa katika tangi la lita 42 maana yake maji yote yanapitishwa kwenye filta mara 14 kila saa. Wafugaji wengi wa samaki wa nyumbani huridhika na mara 4 hadi 6. Ni kweli kwamba namba ya boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, na kwamba ikivaa sponji, tena sponji yenye uchafu, inaweza kupoteza theluthi au hata nusu ya nguvu hiyo. Hata hivyo mkondo uliobaki ulitosha kuusukuma mchanga wote kona moja hadi kioo cha chini kikaonekana upande wa pili. Samaki hawa kwao hukaa chini ziwani, penye mchanga na magamba, mbali na mawimbi ya ufukweni. Kila jike alipotoa kichwa nje ya gamba alipigwa na mkondo akarudi ndani. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa hawana pa kusimama.

Kisha nikafungua kichwa cha pampu. Ndani mna sumaku ndogo ya mviringo yenye mapanga ya plastiki, inazunguka kwenye kijiti chembamba cha kauri. Chembe za mchanga zilikuwa zimejipanga kati ya sumaku na ukuta wa tundu lake, na sumaku yenyewe ilikuwa na michirizi unayoweza kuisikia kwa ukucha. Hapo ndipo kelele ilipotoka. Brevis hufukua mchanga kwa mdomo ili gamba likae sawa, na mkondo mkali nao uliurusha mchanga huohuo hadi kwenye mdomo wa filta. Pampu yoyote yenye panga ikiwekwa karibu na mchanga wa namna hii itapata maradhi yaleyale, iwe ya bei ndogo au kubwa. Pampu kubwa zaidi ingevuta mchanga mwingi zaidi.

Nikapima maji kwa vipimo vya matone. Joto lilikuwa nyuzi 28, pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) 8.5, amonia miligramu 0.5 kwa lita, nitriti 0.25. Katika tangi lililokomaa, yaani lenye bakteria wa kutosha wa kuondoa uchafu huo, hizo mbili za mwisho hutakiwa kuwa sifuri. Nikamuuliza kuhusu umeme. Akasema usiku uliopita ulikatika tangu saa mbili hadi alfajiri.

Kwa nini namba hizo zilinitisha

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki huoza kikatoa nyingine. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili: moja yenye sumu kali na nyingine ambayo sumu yake ni ndogo sana. Kiasi cha kila sura hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 28, maji yenye pH 7 huwa na sura ya sumu kwa asilimia 0.7 tu ya amonia yote. Maji hayohayo yakiwa na pH 8.5, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 18 hivi. Maana yake amonia ileile iliyopimwa ina sumu mara 25 zaidi katika tangi la samaki wa Tanganyika kuliko katika tangi la samaki wanaopenda maji yasiyo na chumvichumvi nyingi.

Wala pH hiyo haishushwi. Ziwa Tanganyika lenyewe lina pH ya karibu 8.6 hadi 9.2, na samaki hawa wameumbika kwa maji hayo. Dada huyu hutumia maji ya kisima ambayo tayari ni magumu, yaani yenye madini mengi, na chini ya magamba kuna vipande vya matumbawe vinavyoishikilia pH juu. Kwa hiyo kinga yake ni moja tu: amonia isiwepo. Miligramu 0.5 alizokuwa nazo zilikuwa na karibu miligramu 0.09 za sura ya sumu, wakati hatari huanza kuhesabiwa kwenye 0.05.

Anayeondoa amonia ni bakteria, si sponji. Kundi moja, Nitrosomonas likiwa maarufu zaidi, huigeuza amonia kuwa nitriti, na Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba zipo Nitrospira zinazofanya kazi zote mbili peke yao, na baadhi yake zilipatikana katika mtambo wa kuchujia maji ya ufugaji wa samaki. Bakteria hawa hushikamana na kila kitu: kioo, mchanga, magamba. Ila hujaa zaidi pale maji yenye oksijeni yanapopita bila kukoma, yaani kwenye filta. Nao wanakula oksijeni nyingi. Kuigeuza gramu moja ya nitrojeni ya amonia hadi nitrati kunahitaji oksijeni ya gramu 4.5 hivi.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Filta ya ndani ya aina ile ni kikopo cha plastiki chenye sponji iliyobanwa. Pampu ikisimama, maji yaliyomo hayabadiliki, bakteria wanamaliza oksijeni iliyobaki, na baada ya saa kadhaa wengi wanadhoofika au kufa. Umeme ukirudi, maji yale yaliyokosa hewa husukumwa kwa nguvu hadi kwa samaki. Ongeza kwamba maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: katika nyuzi 20 hushika miligramu 9.1 kwa lita, katika nyuzi 28 hushika 7.8. Dar es Salaam haina usiku wa baridi wa kukuokoa.

Hesabu ya mzigo

Kabla ya kuchagua filta napenda kujua ina kazi gani. Wafugaji wa samaki wana kanuni ya kukadiria: katika protini ya chakula, karibu asilimia 9.2 ya uzito wake hutoka kama nitrojeni ya amonia. Chakula chake kina protini ya asilimia 40. Gramu moja ya chakula hicho hutoa kama miligramu 37. Samaki wake wanne kwa pamoja hawafiki uzito wa gramu kumi, wanahitaji pungufu ya robo ya gramu kwa siku. Hiyo ni miligramu 7 au 8 za amonia katika lita 42, kiasi ambacho sponji yenye ukubwa wa ngumi, ikiwa imekomaa, hukimaliza bila taabu.

Basi mwenye filta ya lita 600 kwa saa hakuwa na upungufu wa nguvu hata kidogo. Alikuwa na nguvu asiyoihitaji, na alikosa kile alichokihitaji, yaani mahali ambapo bakteria hawafi usiku wa giza.

Kanuni hiyo ilinisaidia pia kumwonyesha jambo lingine. Watoto wake wawili walikuwa wanatia chakula kila mmoja kwa wakati wake, mkono mzima. Gramu moja iliyozidi hupandisha amonia karibu miligramu 0.9 kwa lita kabla bakteria hawajaishughulikia. Hakuna filta ya dukani inayofuta hilo kwa saa moja. Tulikubaliana mtoto mmoja ndiye mwenye zamu, na kijiko kile kidogo cha kuchotea chumvi kiwe kipimo cha chakula.

Tulivyochambua zilizopo

Filta ya nje ya kusimama chini ya meza, ile ya kopo kubwa lenye mipira miwili, ni nzuri sana kwa tangi la lita 200. Hapa ingekuwa mzigo wa fedha, na tatizo la umeme lingezidi, maana kopo lake limefungwa kabisa. Tuliiacha mapema.

Filta ya kuning'inia ukingoni mwa tangi ilimvutia zaidi kwa sababu haichukui nafasi ndani. Nikamwonyesha mambo mawili. Umeme ukikatika, maji katika mrija wake yanaweza kushuka, na umeme ukirudi saa tisa usiku wakati nyumba nzima imelala, pampu ikashindwa kuyavuta tena, itazunguka kavu hadi iungue. Pili, nyingi hutumia vichujio vya kubadilisha kila mwezi. Ukitupa kichujio umetupa bakteria, na vichujio vikiisha mjini umebaki na kibanda kitupu. Zipo ambazo pampu yake hukaa majini na hujiwasha vizuri, na ndani unaweza kuweka sponji ya kawaida badala ya kichujio cha kiwanda. Kwa samaki wa tangi lenye mimea na changarawe ningeikubali. Kwa mchanga huu laini, hapana.

Filta ya chini ya changarawe haikufaa hata kufikiriwa, kwa sababu mchanga huziba matundu yake na samaki wanaofukua huifikia.

Ikabaki filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni sponji yenye mrija katikati. Hewa inaingia chini ya mrija, viputo vinapanda, vinayabeba maji, na maji mengine yanavutwa kupitia sponji kujaza nafasi. Ndani ya maji hakuna panga, sumaku wala umeme. Mchanga ukiingia hauvunji kitu. Vifaranga wa brevis, ambao wakitoka kwenye gamba ni wadogo kama kipande cha uzi, hawanyonywi. Tena hudonoa vijidudu vilivyoota juu ya sponji. Na umeme ukikatika, sponji imekaa wazi katikati ya lita 42 zenye oksijeni, haijafungiwa koponi. Bakteria hufanya kazi polepole, lakini wanaishi.

Ina kasoro zake, na nilimwambia zote. Haikamati vumbi laini kama filta ya pampu, kwa hiyo maji hayatang'aa vilevile. Inaonekana, na haipendezi. Pampu ya hewa hutoa mvumo unaosikika usiku. Kwa mtu mwenye samaki wa dhahabu, wanaokula sana na kuchafua sana, sponji ndogo haitoshi, ingawa samaki wa dhahabu hafai kuwekwa katika lita 42 kwa filta yoyote ile.

Bei ndiyo iliyomaliza mjadala. Sponji mbili, pampu ya hewa, mpira na vali vilimgharimu pungufu ya filta mpya ya kuning'inia.

Tulivyofunga

Tulichagua sponji mbili badala ya moja kubwa, kila moja kona yake ya nyuma. Sababu yake ni usafi: unaosha moja, nyingine inabaki na bakteria wake. Matundu ya sponji tulitaka ya wastani, kwa kuwa yaliyo madogo sana huziba upesi, na yaliyo makubwa huachia uchafu kupita.

Pampu ya hewa tuliiweka juu ya rafu, juu kuliko usawa wa maji. Hili watu hulipuuza. Pampu ikiwa chini ya tangi na umeme ukikatika, maji huweza kurudi nyuma kwenye mpira, yakaijaza pampu, kisha yakamwagika sakafuni hadi yafike usawa wa mdomo wa mpira. Asiyekuwa na rafu anunue vali ya kuzuia maji kurudi, kitu kidogo cha plastiki cha kukata mpira katikati na kukichomeka. Vali ina upande wake. Ukiiweka kinyume hewa haipiti. Ipulize kwa mdomo kwanza. Sisi tuliweka rafu na vali vyote viwili.

Sponji ya pili haikuunganishwa na pampu ya ukutani. Ina pampu ndogo ya USB, ya wati 1.5 hivi, inayotumia powabenki. Powabenki ya mAh 10,000 ina nishati ya kama wati-saa 37. Ukitoa kinachopotea njiani, inaiendesha pampu hiyo kwa saa 20 hivi, muda unaozidi ukatikaji mwingi wa umeme mjini. Kuna jambo la kujaribu kabla ya kuitegemea: powabenki nyingine hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, na nyingine hazitoi umeme wakati zinachajiwa. Ya kwanza aliyokuwa nayo ilijizima baada ya dakika chache. Ya pili, aliyoazima kwa mdogo wake, iliendelea usiku kucha ikiwa imechomekwa kwenye chaja, na hiyo ndiyo iliyobaki. Mwenye sola ndogo yenye tundu la USB anaweza kuitumia vilevile.

Filta ya zamani alitaka kuitoa siku hiyohiyo. Nilimzuia kwa nguvu zote. Sponji mpya haina bakteria hata mmoja wa maana, na filta mpya huchukua kama wiki tatu hadi sita kukomaa. Tulisafisha sumaku, tukainyanyua filta juu karibu na uso wa maji, mbali na mchanga, tukaupunguza mkondo na kuuelekeza kwenye kioo. Kipande cha sponji yake tulikikata tukakifunga kwa uzi wa pamba kwenye sponji mpya ya kwanza. Mimi nikamletea sponji iliyokomaa kutoka tangi langu, lenye samaki wazima wasiougua kwa muda mrefu, tukaikamulia ndani ya maji yake. Maji yaligeuka kahawia, watoto wakapiga kelele. Kufika jioni yalikuwa yametulia.

Kwa amonia iliyokuwepo tulibadilisha theluthi ya maji siku ile, kwa maji ya kisima yaliyokuwa yamekaa ndooni hadi yakalingana joto. Anayetumia maji ya bomba yenye klorini aweke dawa ya kuondoa klorini, maana klorini huua bakteria wale wale tunaowalea.

Kilichotokea

Siku za kwanza amonia ilishuka hadi 0.25, ikakaa hapo, kisha ikafika sifuri. Nitriti ilipanda kidogo kabla ya kushuka, jambo la kawaida, kwa sababu wanaoila nitriti huongezeka polepole kuliko wanaoila amonia. Tuliendelea kubadilisha maji robo kila siku kadhaa hadi zote mbili zikasoma sifuri mara mbili mfululizo. Hapo tu ndipo filta ya zamani ilipotolewa.

Samaki walibadilika mapema kuliko vipimo. Mkondo ulipopungua, dume mkubwa alianza kusimama juu ya gamba lake na kuwafukuza wenzake, na mchanga ukaanza kupangwa na wao badala ya pampu. Magamba yakazikwa nusu, midomo ikatazama juu, kama yanavyokuwa ziwani.

Kisha umeme ukakatika tena, usiku wote. Asubuhi alinitumia ujumbe wenye picha ya kipimo: amonia sifuri, na chini ameandika, "Kaka, powabenki bado ina taa mbili."

Kero iliyobaki ni mvumo. Pampu ya ukutani ilikuwa inatetemesha rafu. Kipande cha ndala ya zamani kilichowekwa chini yake kilipunguza sauti sana, na kukata kidogo mpira uliokuwa unagusa ukuta kukaondoa iliyobaki. Sponji moja imefichwa nyuma ya jiwe, kwa sharti kwamba jiwe lisiibane.

Usafi sasa ni hivi. Viputo vikianza kupungua nguvu au sponji ikibadilika kuwa nyeusi, anatoa moja, anaikamua mara kadhaa ndani ya beseni lenye maji aliyoyatoa tangini, anairudisha. Haipeleki bombani, haitii sabuni, haioshi hadi ing'ae. Nyingine inasubiri wiki mbili au zaidi. Sponji yenye rangi ya kahawia iliyopitisha maji vizuri ni sponji nzima, na itabadilishwa tu ikianza kulegea na kumomonyoka.

Ameniuliza kama anaweza kuongeza jozi ya tatu. Kwa upande wa filta, sponji zake mbili zingeweza mzigo huo. Kwa upande wa mchanga, tangi la sentimita 60 lina nafasi ya madume wawili wanaogawana mipaka, na wa tatu atapigwa kila siku. Nimemwambia asubiri vifaranga wa jozi alizonazo, kwani gamba la kushoto limeanza kulindwa kuliko kawaida.